Ratiba ya bustani ya Mama, na siku tangi lilipokauka

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Wengine wenu mmenitumia barua pepe mkiuliza kama niliuza tarakilishi nikawa mkulima. Jibu ni ndiyo na hapana. Niliuza skrini moja tu, na sababu ya kuiuza ndiyo nitakayowasimulia. Kwa hivyo leo hakuna habari za seva wala hifadhidata. Leo ni habari za sukuma wiki. Vumilieni kidogo, programu itaingia tu, tena itaingia vibaya.

Nilivyoanza

Mwezi wa Januari 2022 kandarasi yangu ya kuandika programu jijini Nairobi iliisha na haikuongezwa. Nilikuwa na umri wa miaka 25, digrii ya sayansi ya tarakilishi, kipakatalishi kimoja, skrini mbili, na kodi ya nyumba ambayo singeweza kuilipa mwezi uliofuata. Nikafunga virago nikarudi kwa Mama, kule Ukambani, kaunti ya Machakos.

Ukirudi kwa mama yako ukiwa mtu mzima, sahani ya kwanza ya ugali ni tamu sana. Ikifika ya kumi unaanza kujiuliza inatoka wapi. Tulikuwa wanne: Mama, wadogo zangu wawili walio shuleni, na mimi. Mboga tulinunua karibu kila siku, kwa sababu bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa vumbi tupu. Mvua ilikuwa imetuhepa misimu mitatu mfululizo, tangu vuli ya 2020.

Nikasema moyoni: mimi ni mtu wa mifumo. Bustani ni nini? Ni matuta sita, kila moja mita moja kwa mita sita. Ni mboga kama kumi na miezi kumi na miwili. Hilo ni tatizo la ratiba, na kupanga ratiba ndiyo kazi yangu! Nitamtengenezea Mama mpango wa mwaka mzima, tule kutoka shambani kila siku, na pesa za mboga zifanye kazi nyingine. Angalau nami nitakuwa nimeleta kitu mezani.

Programu ya kwanza

Kama kawaida nilianzia mtandaoni. Ratiba nyingi nilizozipata ni za Uingereza na Marekani, na zote zinahesabu kutoka kwa siku moja: siku ya mwisho ya jalidi, yaani ile baridi inayogandisha umande na kuua miche. Sia mbegu za nyanya wiki sita kabla ya siku hiyo, hamisha miche wiki mbili baada yake, na kadhalika. Kwa mwandishi wa programu huo ni utamu mtupu. Unahitaji tarehe moja, na zingine zote unazipata kwa kujumlisha na kutoa.

Kwetu hakuna jalidi ya kuhesabia. Tuko karibu na ikweta na mchana wetu ni takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Tulicho nacho ni mvua mbili: ya masika kuanzia Machi hadi Mei, ambayo Wakamba huiita uua, na ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambayo huitwa nthwa. Basi nikafanya jambo lililoonekana la busara. Nikafuta "siku ya mwisho ya jalidi", nikaandika "siku ya kwanza ya mvua", na nikaipa thamani: 21 Machi. Kwa nini 21? Kwa sababu vitabu husema mvua ya masika huanza katikati au mwisho wa Machi, na programu inataka nambari.

Kisha kila mboga nikaiandikia siku zake. Hesabu hizi hazikuwa mbaya, na nyingi nazitumia hadi leo, kwa hivyo nakiliweni mkipenda:

- Sukuma wiki: kitaluni wiki 4 hadi 6, kisha wiki 6 hadi 8 kabla ya kuchuma mara ya kwanza. Baada ya hapo unachuma kwa miezi kadhaa.
- Mchicha (terere): husiwa moja kwa moja tutani, unaanza kula baada ya wiki 4 hadi 6.
- Kunde: husiwa moja kwa moja, majani ya kwanza baada ya wiki 3 hadi 4.
- Managu: kitaluni kama mwezi mmoja, kisha kama mwezi mwingine.
- Nyanya (ya kula, si mama mzaa mama!): kitaluni kama mwezi mmoja, kisha miezi miwili na nusu hadi mitatu.
- Vitunguu: kitaluni wiki 6 hadi 8, kisha miezi 3 hadi 4.
- Karoti: husiwa moja kwa moja kwa kuwa haipendi kuhamishwa, kama miezi mitatu.

Hayo yote nikayaweka kwenye jedwali, na juu yake nikaandika skripti inayoendeshwa na cron, ile programu ya Linux inayofanya kazi kwa saa na tarehe uliyoipa. Kila asubuhi ilinitumia ujumbe kwa simu: leo sia hiki, leo hamisha kile. Ilikuwa safi. Niliionyesha kwa rafiki zangu wa chuo na wakaisifu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na bustani.

Tarehe 14 Februari nilisia mbegu. Tarehe 18 na 19 Machi mvua ikanyesha, tena nzuri ya kujaza madimbwi. Nikajiona nabii. Tarehe 21 simu ikalia: HAMISHA MICHE YOTE. Nikajaza matuta yote sita: mawili ya sukuma wiki, moja la managu, moja la nyanya, moja la spinachi, moja la vitunguu. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akinitazama.

"Zote leo?"

"Ndiyo, Mama. Mpango unasema leo."

"Haya."

Wenye mama mnajua neno "haya" lina maana ngapi.

Hesabu ambayo sikuifanya

Baada ya siku hiyo mvua haikurudi. Siku tatu, siku tano, wiki. Miche ya sukuma ilianza kulala adhuhuri na kuamka jioni, kisha ikawa hailali wala haiamki. Mimi nilikuwa na jibu: tangi. Mama ana tangi la lita 5,000 linalokinga maji ya paa, na wakati huo lilikuwa na kama lita 3,200. Nikachukua keni, nikamwagilia asubuhi na jioni, matuta yote sita, kila siku. Sikutaka mpango wangu uharibike.

Sasa niwape hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita angeifanya kwa dakika mbili, lakini mimi mwenye digrii sikuifanya. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Wakati wa jua kali, mboga zinataka kama milimita tano kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita mraba. Tuta langu ni mita mraba sita, kwa hivyo lita 30. Matuta sita ni lita 180 kwa siku. Jikoni tulitumia kama lita 40. Jumla 220. Gawanya 3,200 kwa 220 na unapata siku kumi na nne na nusu.

Siku ya kumi na tano, asubuhi, nilifungua bomba la tangi likakohoa mara mbili na kunyamaza.

Mama hakusema neno. Alipiga simu, na baada ya saa moja mkokoteni wa punda ukafika na mitungi sita ya lita 20, shilingi 30 kila mtungi. Kesho yake tena sita. Nilidhani ni za jikoni tu. Lakini jioni nilimkuta ameinama kwenye tuta la sukuma, anamwagia mche mmoja mmoja kwa kikombe.

Ikaendelea hivyo siku tisa, zaidi ya shilingi 1,600. Siku ya tisa nilikuwa natafuta kiberiti kwenye kabati lake nikaona pakiti ya dawa zake za presha. Ilikuwa tupu. Nilipoangalia tarehe aliyopaswa kuchukua nyingine, ilikuwa imepita kwa wiki nzima. Nikamuuliza kwa nini.

"Dawa ningechukua mwisho wa mwezi," alisema. "Mboga umepanda wewe. Sikutaka uzione zikifa."

Wasomaji, nimewahi kufuta hifadhidata ya mteja kimakosa. Niliwahi kukesha siku mbili nikiirudisha. Halikuniuma hata nusu ya hili. Siku iliyofuata nilipanda matatu hadi mjini nikauza skrini yangu ya pili, nikarudi na dawa za miezi miwili na mfuko wa unga. Mama alipopimwa tena presha ilikuwa juu, ikachukua majuma kadhaa kutulia. Kama kungetokea jambo, ningekuwa nimelisababisha mimi na faili yangu ya cron.

Miche nayo? Nyanya zote zilikufa. Vitunguu vikafa. Katika sukuma 44 zikabaki tisa.

Kitalu cha Mama

Ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Nyuma ya jikoni, chini ya kivuli cha mwembe, Mama alikuwa na kitalu chake kidogo, hakifiki hata mita mraba moja. Ndani yake kulikuwa na miche kama 60 ya sukuma wiki, mizima, ya kijani kibichi. Alikuwa akiimwagilia maji aliyooshea mboga na mchele, lita tano au pungufu kwa siku.

"Hii mbona hukuihamisha?"

"Mvua haijaingia."

"Si ilinyesha tarehe 18?"

Akachukua jembe, akachimba kidogo kando ya tuta, akaingiza mkono. Udongo ulikuwa mkavu baada ya vidole viwili. "Mvua ikiingia," akasema, "unyevu unafika shubiri nzima, na ukiufinya udongo unashikana. Ile ya Machi ilipita tu."

Nikaketi pale chini nikafikiri kama mwandishi wa programu, labda kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumbani. Miche 60 kitaluni inakunywa lita tano. Miche hiyo hiyo ukiitawanya kwenye matuta matatu itataka lita 90. Kumbe kitalu ni foleni! Ni mahali ambapo kazi zinasubiri kwa gharama ndogo hadi rasilimali ipatikane. Mimi nilikuwa nimeitoa foleni nzima kwa mpigo, kabla ya rasilimali kufika, kwa sababu saa ya ukutani ilisema hivyo.

Tena foleni yake ilikuwa na mpango. Mche ukikaa kitaluni zaidi ya wiki saba hivi unadumaa, kwa hivyo Mama hakusia mbegu zote siku moja. Alikuwa na mafungu matatu, wiki mbili kati ya moja na jingine. Mvua ikichelewa, fungu la kwanza linazeeka lakini la pili liko tayari. Na mwishoni mwa Aprili iliponyesha siku chache, hakuhamisha lote. Alihamisha nusu, akabakiza nusu.

"Hiyo nusu ni ya nini?"

"Ikinidanganya?"

Basi. Hapo ndipo ilipo shida yenyewe ya kupanga bustani kwetu, na ndiyo sababu ninaandika haya. Wataalamu wa hali ya anga wana kipimo wanachotumia kusema msimu umeanza: kwa mfano inyeshe angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika wiki tatu zinazofuata pasiwe na ukame wa siku saba au zaidi. Ni kipimo kizuri. Lakini kitazame kwa jicho la programu. Ili kujua kama leo msimu umeanza, unahitaji data ya wiki tatu zijazo! Huwezi kuihesabu leo. Masika ya 2022, ambayo sasa tunajua yalikuwa miongoni mwa makavu zaidi kuwahi kupimwa katika pembe hii ya Afrika, yalipoanza yalionekana kama masika mengine yoyote. Kwa hivyo mpango bora si ule unaoijua tarehe sahihi. Ni ule ambao tarehe ikikosewa, bado watu wanakula.

Programu ya pili

Nilifuta skripti yote. Hii mpya haina tarehe ya kupanda hata moja. Inasubiri mambo yatokee, kisha inashauri. Inasoma vitu viwili tu kila siku: mvua iliyonyesha na kina cha maji kwenye tangi. Mvua tunaipima kwa kipima mvua cha plastiki kilichofungwa kwenye mti mbali na paa, saa tatu asubuhi. Tangi tulilichora alama kando ya bomba la kuonyesha kina. Kanuni zake ni hizi:

1. Maji kwanza. Chukua lita zilizoko, toa lita 2,000 za jikoni ambazo hazigusiki (Mama alisema nambari hiyo na hakukuwa na mjadala), gawanya kwa siku zilizobaki hadi mvua inayotarajiwa, kisha gawanya kwa 30. Jibu ndilo idadi ya matuta unayoruhusiwa kuwa nayo nje ya msimu.

2. Hakuna kuhamisha miche hadi unyevu ufike shubiri moja. Programu ikiona milimita 20 kwa siku tatu, haisemi "panda". Inasema "nenda kachimbe".

3. Ukihamisha, hamisha nusu. Nusu nyingine baada ya siku kumi, kama unyevu bado upo.

4. Mboga za kusiwa moja kwa moja, kama mchicha, husiwa kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu. Ukisia tuta zima siku moja utakula mchicha wiki mbili hadi uuchukie, kisha mwezi mzima huna.

5. Mboga za ukoo mmoja zisifuatane kwenye tuta moja.

Hiyo ya tano ilinifundisha jambo. Programu yangu ya kwanza ilikuwa na mzunguko wa mazao, lakini nilipanga kwa makundi ya "majani", "matunda" na "mizizi". Kwa hivyo ilifurahi kupanda nyanya baada ya managu. Makosa! Managu, nyanya, viazi, biringanya na pilipili zote ni ndugu, na magonjwa ya mmoja yanamngojea mwenzake udongoni. Vivyo hivyo sukuma wiki na kabeji. Kunde na maharagwe ndio wageni wazuri wa kuwapitisha katikati, kwa kuwa mizizi yao huuongezea udongo naitrojeni.

Kanuni ya kwanza nayo ilitushangaza. Tangi likijaa mwisho wa Mei, ni lita 5,000. Toa 2,000, zinabaki 3,000. Kutoka Juni hadi katikati ya Oktoba ni kama siku 135. Hiyo ni lita 22 kwa siku. Haitoshi hata tuta moja! Matandazo ya nyasi kavu na maji ya kuoshea mboga ndiyo yanayofidia zile nane. Kumbe ndoto yangu ya matuta sita mwaka mzima haikuwahi kuwezekana kwa tangi lile, hata mvua ingekuja kwa tarehe. Hakuna ujanja wa ratiba unaoweza kuzaa maji.

Mwaka wetu ulivyo sasa

Januari na Februari ni jua. Tuta moja au mawili karibu na jikoni, kutegemea tangi lilivyojaa vuli. Hapa ndipo tunapoweka nyanya kumi na mbili tu, zilizohamishwa mwisho wa Desemba, kwa sababu nyanya haipendi majani yake kulowa. Katikati ya Februari tunasia fungu la kwanza la sukuma na managu kitaluni na kueneza samadi iliyooza vizuri.

Machi hadi Mei tunapanua, lakini kwa hatua. Kunde na mchicha hutangulia kwa sababu mbegu ni rahisi na hasara ni ndogo. Sukuma na managu hufuata shubiri ikishalowa. Mwezi wa Aprili tunasia vitunguu kitaluni.

Juni hadi Agosti ni baridi, na hapa kuna mtego mwingine. Nilikuwa nikihesabu siku kana kwamba siku zote ni sawa. Mmea hauhesabu siku, unahesabu joto. Chukua mchicha, ambao chini ya nyuzi 10 hivi haukui. Machi kwetu mchana ni kama nyuzi 26 na usiku 15, wastani 20.5, yaani mmea unapata nyuzi 10.5 za kukulia kila siku. Julai mchana 21 na usiku 12, wastani 16.5, unapata 6.5 tu. Mchicha uliokomaa kwa siku 40 mwezi wa Machi utachukua kama 65 mwezi wa Julai. Kwa hivyo Julai hatuhangaiki na mchicha. Tuta moja tunalolimudu tunaligawa kati ya sukuma iliyokwisha kushika, ambayo baridi haiisumbui, na vitunguu, ambavyo vitakomaa na kukaushwa Septemba kabla ya mvua. Zaidi ya hapo tunakula kunde alizozikausha Mama mwezi wa Mei.

Septemba tunarudi kitaluni. Oktoba hadi Desemba ndio msimu wetu mkubwa, kwa sababu Ukambani vuli ni ya kutegemewa kuliko masika. Jambo hilo kila mtu pale kijijini analijua, na mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa nimeupa masika uzito wote, kwa kuwa vitabu vya shule huyaita mvua ndefu.

Je, inafanya kazi?

Vuli ya 2022 nayo ilishindwa, ikawa ya tano mfululizo. Programu ilituruhusu matuta mawili tu. Tulikula kunde na sukuma kidogo, mboga zingine tukanunua, lakini tangi halikukauka na punda hakuja kwa ajili ya bustani. Mama hakukosa dawa hata siku moja. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio lililopita.

Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na nikagundua kwamba kanuni zangu zote zilikuwa za ukame. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaouliza "je, maji yakizidi?" Matuta mawili ya chini yalizama, na kiasi kidogo cha nyanya tulizokuwa tumezijaribu zilipigwa na baka jani chelewa hadi majani yakawa kama yameunguzwa na moto. Mama akachimba mtaro wa kutoa maji. Mimi nikaongeza mstari. Masika ya 2024 yaliyoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi yalitukuta tumejiandaa kidogo.

Siku hizi nina kazi tena, naifanyia mbali, na mara nyingi siko nyumbani. Mama ndiye anayesoma kipima mvua kila asubuhi na kuniandikia nambari kwa simu. Lakini haiamini simu. Anaziandika pia nyuma ya daftari la shule la mdogo wangu, kwa kalamu ya wino, tarehe na milimita, na pembeni maneno mafupi: "shubiri", "vidole viwili", "upepo", "kunde zimetoka". Sasa ni zaidi ya miaka mitatu. Utabiri wa Idara ya Hali ya Anga tunausikiliza kila msimu unapotolewa, na unasaidia, lakini unazungumzia kaunti nzima. Kuhusu matuta yetu sita hakuna data bora duniani kuliko lile daftari. Mwezi uliopita nilipokwenda nyumbani nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa, maana ni nakala moja tu na mbuzi wetu anakula karatasi :-)

Ukitaka kuanza, usianze na programu. Anza na kopo la kupimia mvua, rula, na daftari. Jua tangi lako lina lita ngapi na tuta lako lina mita mraba ngapi, ufanye ule ugawanyo mmoja ambao mimi sikuufanya. Kisha mtafute mtu anayelima hapo ulipo, umuulize anajuaje kwamba mvua imeingia. Wa pwani, wa Kisumu na wa Eldoret watakujibu tofauti, na wote watakuwa sahihi.

Wewe kwenu hupanda lini? Mnatumia alama gani? Niandikieni, nakusanya majibu. Mama naye anataka kujua kama kuna mahali watu hupanda kwa tarehe na wakafaulu. Anauliza kwa kejeli, lakini anauliza.

Mpaka wakati mwingine, wasalaam.